Neno Baada ya Sijambo

Tabibu-kioo hakumgusa mtu. Alisimama ukutani mwa zahanati ya Kilwa Mpya, mrefu kama mlango, na ukikaa mbele yake unaona sura yako mwenyewe ikikusalimia kwa sauti isiyo yako. Hakuchungulia kilichositiriwa. Aliuliza, akasikiliza, akadondosha dawa kwenye kisahani.

Fundi aliyemfundisha salamu alikuwa Mwanakheri binti Shamte. "Mashine ya kutibu wanawake isianze na maswali kama askari," alisema siku ya kumfundisha. "Ianze na hujambo."

Sasa Mwanakheri mwenyewe alikuwa mgonjwa. Fangasi wa ukeni: muwasho wa kumtoa mtu mkutanoni, utoko mzito kama maziwa ya mgando, na akikojoa ni kama ametiwa pilipili. Tabibu-kioo humpa dawa ya siku tatu, muwasho ukatulia kidogo, na siku ya saba anarudi kuangaliwa.

"Hujambo, Bi Mwanakheri?"

"Sijambo."

"Hongera. Umepona."

Mlango unafunguka, anayefuata anaingia. Mwezi hauishi, muwasho uko palepale. Na siku hizi kulikuwa na kiu isiyokatika kwa maji, na vidole vya miguu vilivyokufa ganzi.

Mara ya sita hakukaa mbele ya kioo. Alimfuata Mwashamba, muuguzi wa zamani ambaye kazi aliyoachiwa ilikuwa kukipangusa kile kioo.

"Kitendawili," Mwanakheri alisema, maana kulitamka wazi kulimshinda.

"Tega."

"Namfukuza kila mwezi, nikigeuka namkuta kakaa."

"Mume!"

"Wapi."

"Basi wifi!"

"Shoga, nipe mji, mwenzio naumia."

"Haya, nakupa mji, chukua na uwanja wake wa ndege."

"Fangasi. Huku chini. Mwaka huu ni mara ya sita."

Mwashamba aliacha kucheka. "Sita? Mbona kioo kinasema ni mara ya kwanza?"

Akamfungulia kumbukumbu za kioo. *Amepona. Amepona. Amepona.* Kila safari faili lilifungwa, kila ugonjwa ukahesabiwa mgeni, dawa ikawa ileile.

"Zingehesabiwa mara nne tu ungechukuliwa kipimo, tukajua ni fangasi wa aina gani, tukapima na sukari. Nani alikiambia umepona?"

"Sijui! Mimi niliitikia salamu tu."

Wakatazamana.

Mwashamba alichukua kipimo kwa mkono wake, kama zamani, akamkagua hadi vidole vya miguu. Fangasi walikuwa wa aina isiyosikia dawa ile, na sukari kwenye damu ilikuwa imepanda vibaya. "Ndiyo inayowalisha," alisema. "Lakini dawa yako ipo, ya miezi sita, na hivyo vidole tumeviwahi. Ungengoja hongera ya sita, ningekuwa nazungumza mengine."

Mwanakheri hakwenda nyumbani. Alifungua ghala la sauti na sura la tabibu-kioo atazame alipokosea, Mwashamba kando yake na kitambaa chake. Nani asiyejua kwamba sijambo ni adabu tu? Shida huja nyuma yake: sijambo, ila kichwa, sijambo, ila mwanangu halali. Naye aliifundisha mashine kwamba sijambo ndiyo jibu. Ikilisikia tu, inafunga sikio.

Lakini sikio lilifungwa kwa kuchelewa kidogo. Kioo kikawaka, na sura ya mwanamke asiyemjua ikajitokeza, midomo imefunguka nusu.

"Sijambo, i—"

Ikafutika, ikaja nyingine.

"Sijambo, i—"

Wanawake wa mji mzima walipita kiooni, mmoja baada ya mwingine, wametulia, kila mmoja amekatwa pumzi mahali palepale. Chumba kikawa kama kimejaa watu walionyamazishwa.

Kisha akatokea bibi mmoja mzee, kanga kichwani, anatabasamu kwa haya.

"Sijambo, i—"

Kitambaa kilimdondoka Mwashamba. "Zima," alisema. Halafu, "Hapana. Usizime."

Alikuwa mama yake. Walimzika mwezi wa Ramadhani, sukari imekwisha kumla figo, na karatasi ya zahanati mkononi mwao inasema amepona.

"Shoga," Mwanakheri alianza, akimsogelea.

Mwashamba hakumsikia. Alivuta kigoda, akakaa alipokuwa amekaa mama yake, akaipangusa ile midomo kwa ncha ya kanga, polepole.

"Ila nini, mama?"