Kisanduku cha Tarehe Kilichoachwa Wazi

Orodha ya Jumatatu ile ilikuwa na mtoto mmoja zaidi.

Nesi wa kliniki alikuwa na kadi arobaini mezani, lakini karatasi iliyotoka kwenye mashine ilikuwa na majina arobaini na moja. Akaipeleka chumba cha kumbukumbu, kwa fundi wa kompyuta ambaye wote walimwita Kalenda, kwa sababu ukimtajia tarehe mbili alikupa idadi ya siku zilizo kati yake kabla hujafunga mdomo. Nesi alikuja na utani wake tayari, kwamba leo Kalenda kaota mwezi wa kumi na tatu. Kisha akaliona jina la mwisho. Aliiweka karatasi kifudifudi mezani, akatoka na utani wake.

Jina lile lilikuwa la binti yake Kalenda. Walimwita Tone, maana alizaliwa mdogo kama tone la maji. Kifua kilimuua akiwa na miezi saba.

Nisizungushe maneno: mashine haikukosea, aliyekosea ni yeye. Kila Jumatatu kanzidata iliulizwa swali aliloliandika kwa mkono wake mwenyewe. Chukua tarehe ya leo, toa tarehe ya kuzaliwa. Mtoto aliyefikisha siku 270 aitwe kwa chanjo ya miezi tisa. Aliyejaziwa tarehe ya kufariki aachwe. Kisanduku cha Tone cha tarehe hiyo kilikuwa kitupu. Mara tatu Kalenda alikaa mbele yake, vidole juu ya kibodi, na mara tatu alisema kesho. Kwa kuwa kisanduku kilikuwa kitupu, mashine iliendelea kumhesabia Tone siku kama mtoto yeyote aliye hai.

Ungedhani sasa angejaza. Hakujaza. Aliongeza mstari mmoja kwenye swali lake: mruke namba 3107. Tone akafichwa, hesabu ikaendelea chini kwa chini. Uongo ni uongo hata ukiandikwa kwa kompyuta, na nyumba yenye uongo haikosi mpangaji.

Jioni ile mkewe, fundi cherehani anayeshonea nyumbani, alimwambia kwamba mchana alisikia magoti yakiburuzika koridoni. Kalenda akasema ni panya. Mkewe akasema panya gani huyo anayekaa chini katikati ya njia akahema.

Tone hakuwahi kutambaa. Alikufa bado anakalishwa kwa mito.

Kalenda alitega mitego mitatu. Asubuhi aliikuta haijafyatuka, na vipande vya mkate vimemung'unywa mpaka vikalainika, pasipo alama ya jino. Harufu ya maziwa yaliyochacha ikaingia kwenye mapazia, akayafua, ikarudi. Kisha blauzi ya mkewe ikaanza kulowa kifuani. Maziwa yaliyokauka tangu msiba yalikuwa yanatoka tena, na kadiri yalivyotoka ndivyo alivyokonda, hadi pete ya ndoa ikamdondoka akikata kitambaa. Kalenda alipomwambia ale, mkewe alijibu kwamba ameshiba. Kalenda alipomkuta anashona kigauni, hakuuliza ni cha mteja gani. Aliona tu kwamba kilikuwa kikubwa kuliko kile cha mwisho alichovaa Tone.

Siku moja alasiri, jua limejaa nyumba nzima, alisikia nyayo tupu kwenye sakafu. Hatua mbili, kishindo kidogo cha kuanguka, kimya, halafu hatua tatu. Akapiga hesabu bila kupenda, kama mtu apigavyo chafya. Siku 365 tangu Tone azaliwe, kamili. Kitu kile kilikuwa kinakua kwa hesabu yake.

Akamleta mganga, mtu mfupi, mchovu, aliyevua viatu mlangoni na kulalamikia magoti. Hakuwasha ubani. Alisimama koridoni akinusa, akamtazama mwanamke aliyebaki ngozi na mifupa, kisha akamgeukia Kalenda.

"Jini hazeeki," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu anakua. Nani anamhesabia siku?"

Kalenda akatazama chini, akaeleza yote. Mganga alimsikiliza, akasema ubani wake hapo utafukuza mbu tu. Aliyeacha mlango wazi ndiye wa kuufunga, na aharakishe, maana mama huyu hatamaliza mwezi.

Kalenda alipotoka kwenda kliniki, mkewe alimfuata hadi mlangoni, akamshika shati.

"Baba Tone, usijaze."

"Si mwanetu yule, Mama Tone."

"Najua si yeye. Unadhani sijui? Lakini mwenzio nimemzoea."

Kalenda akabandua vidole vya mkewe kwenye shati, kimoja kimoja. Vilikuwa vyepesi kama njiti.

Chumba cha kumbukumbu kilikuwa na mwanga tele na nesi alikuwa akicheka na mtu chumba cha pili, na hapo ndipo Kalenda alipoogopa kuliko siku zote, kwa sababu alipofungua namba 3107 ile harufu ya maziwa ilikuwa imeshafika kabla yake, na alipoandika siku alisikia pumzi nyuma ya kiti, na alipoandika mwezi pumzi ikaanza kupiga filimbi nyembamba, ile ile filimbi ya kifua aliyoisikiliza siku nne za mwisho akiwa amempakata, ikipanda, ikikwama, ikitafuta hewa, naye akaandika mwaka huku machozi yakidondoka kwenye kibodi, hakugeuka, kwani alijua akigeuka hataweza, akabonyeza.

Filimbi ikakatika katikati, pale pale ilipokatika mara ya kwanza.

Kwenye skrini: umri, siku 214.

Alimkuta mkewe ameketi sakafuni koridoni, blauzi kavu, miguu ameinyoosha.

"Ilikuwa saa tisa," alisema, bila kuulizwa.

"Ndiyo."

"Alikuwa amesimama hapa, ameshika goti langu. Alikuwa anaanza kusema."

Kalenda akakaa kando yake. Hakutaka kuuliza, akauliza.

"Alisemaje?"

"Hakumaliza." Mkewe akapangusa goti lake polepole. "Neno lilikuwa linaanza na *ba*."