Siku Nyembo Aliponyamaza

—Huyu haolewi humu! Nkambo yake, babu wa zamani, alikuwa mutumwa. Bankambo betu balimununua na chumvi kule Bukama.

Oncle Kisimba ndiye aliyesema, akimnyooshea Tshiala kidole, sebuleni kwa Nyembo, mtoto wa kaka yake, mbele ya wazee wa familia zote mbili. Tshiala akamgeukia mchumba wake, Nyembo, mwalimu wa historia. Ukutani nyuma yake zilitundikwa picha kumi na moja za kale, zilizochapwa Ulaya enzi utumwa ulipofutwa: minyororo imekatika, watu wanarusha mikono juu. Miaka sita alizisaka kwa barua na simu, akimweleza Tshiala kila moja kama anayetambulisha ndugu zake.

—Nyembo, sema kitu.

Nyembo akatazama viatu vyake.

Tshiala akabeba mkoba, akatoka. Alizunguka soko, akafika gare ya treni, akarudi sokoni, miguu ikikataa kutulia. Simu ikatetema.

"Chérie, oncle iko muzee. Tumungojee, atapoa."

Akajibu: "Kila siku unasemaka juu ya batumwa ba kwenye mapicha. Juu yangu unashindwa?"

Akaizima, akapanda pikipiki mpaka kwao, mtaa wa Base. Siku nne hakulala vizuri wala hakula vizuri. Akikaa, anainuka.

—Kaa chini, mutoto —mama yake, Albertine, alimwambia—. Utamaliza sementi ya chini.

—Mama, ile ya nkambo iko kweli?

—Iko kweli. Balimununua. Aibu haiko yake. Iko ya mwenye alinunua.

Siku ya tano akaiwasha simu. Nyembo akapiga papo hapo.

—Kuya kwangu kesho na mama. Nimeita familia yote.

Walimkuta Nyembo amesimama, jasho linamtiririka.

—Oncle, bankambo betu njo benye balikosa. Omba Tshiala pardon. Ukikataa, minamuoa bila weye.

Oncle Kisimba akachukua kofia, akaondoka bila kuaga. Mkewe, Mama Francine, hakunyanyuka kumfuata.

Tshiala alibaki mlangoni.

—Siku sita, Nyembo.

—Minajua. Niliogopa.

—Na siku ingine ukiogopa?

—Nitasema na ile woga yangu.

Tshiala akavuta kiti, akaketi.

Walifunga ndoa Agosti. Oncle Kisimba hakuja. Mama Francine alikuja peke yake. Akalipita benchi la ukoo wa mumewe, akaenda kukaa na Albertine.