Harufu ya Alkoli Mwezi wa Ramadhani

Ijumaa, tarehe 20 Aprili 1956, wiki ya pili ya mfungo, mambo yaliharibikia msikitini Gisenyi. Faradji alikuja mbio kutoka labo, chumba cha kupimia maua ya pareto, kanzu nyeupe juu ya suruali ya kazi, akajipenyeza safu ya pili. Mzee Abdu, fundi cherehani, baba wa mchumba wake, alivuta pumzi mara moja akasogea.

"We kijana, unanuka alkoli. Mwezi mutukufu!"

"Baba, ni ya kazi. Tunachemshia maji ya maua nayo, ndipo tunapima sumu ya kuua wadudu. Inaruka kwenye nguo."

"Bon, haya. Bwana wako wa kazi aje aniambie na kinywa chake. Asipokuja, Saidati si wako."

Saidati! Miezi kadhaa kabla ya hapo walikutana sokoni, mvua imewakimbizia wote wawili chini ya kibanda cha muuza chumvi. Kitambaa chake kipya cha kijani kilikuwa kinamwaga rangi mpaka visiginoni. Faradji akacheka.

"Hiyo kijani si moja, dada. Ndani iko bluu na manjano. Mi naweza kuzitenganisha na karatasi."

"Unalipwa kwa kuachanisha, we?"

Kesho yake alimletea kipande cha karatasi: tone la rangi limepanda na alkoli, bluu imetangulia, manjano imebaki chini. Saidati alikigeuzageuza, mtandio ukimteleza begani, akacheka.

"Muzuri. Na kuunganisha, unajua?"

Mwanamke akikuchekea hivyo, shika sana. Hutapewa mara nyingi.

Jumamosi, kesho yake baada ya aibu ya msikitini, Faradji alimwomba Mzungu wa labo, bwana wake, amwambie Mzee Abdu maneno mawili tu. Mzungu akawa mwekundu. Amri ya kampuni ilikataza mfanyakazi mweusi kushika chupa ya alkoli, naye alikuwa amemwachia Faradji chupa na ufunguo wa kabati, ili yeye mwenyewe apate kulala mchana.

"Alkoli? Hapa naishika mimi peke yangu. Kama unanuka, umeiba."

Ndivyo walivyo hao wakubwa. Sumu ndani ya gunia la maua wanaipima mpaka chembe ya mwisho, lakini neno moja la kweli linawashinda kulibeba mpaka kwa fundi cherehani. Kabla ya adhuhuri maneno ya Mzungu yalikuwa yamefika soko zima: Faradji mlevi, tena mwizi.

Alasiri Saidati alimngoja njia ya ziwani, macho yamevimba.

"Sema kweli. Ulikunywa?"

"Na we unaniuliza?"

"Pumua hapa."

Faradji aliinama, akapumua. Hawakugusana. Shati lilinuka alkoli kweli. Kinywa kilinuka njaa tu, ule ukavu wa mtu aliyefunga tangu daku. Saidati akalia na kucheka pamoja.

"Umefunga, mupenzi wangu. Sasa mi najua."

"Basi kamwambie baba!"

Kicheko kikakatika. Alirudi nyuma, akavuta mtandio mpaka puani.

"Nimwambie? Na akiniuliza, mi binti yake, nilijuaje harufu ya kinywa chako, nimujibu nini?"