Herufi Moja Ubavuni mwa Tairi

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alizunguka pikapu la baba yake akikagua upepo wa matairi. Jina hilo alipewa na mjomba wake, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Macho ya baba hayakuona tena maandishi madogo, kwa hiyo binti huyo wa miaka kumi na miwili ndiye aliyemsomea kila kitu.

Siku moja matairi ya nyuma yalionekana yamebaki vipara. Baba alimwomba Chiriku anakili yote yaliyoandikwa ubavuni, ili ampelekee fundi. Lakini wenzake walikuwa wakimngoja wakaruke kamba. Alinakili namba mbiombio. Mwishoni kulikuwa na herufi C, nusu yake imefunikwa na tope. Aliiona, akaiacha. Herufi moja ingedhuru nini?

Fundi alifunga matairi kama karatasi ilivyosema, yakaingia sawasawa. Kumbe yalikuwa ya gari dogo la abiria. Ile C ndiyo alama ya tairi la kubeba mizigo. Wiki hiyohiyo, pikapu likiwa limejaa magunia ya viazi, tairi moja lilipasuka kwenye mteremko. Baba alitoka na michubuko. Mjomba, aliyeketi juu ya magunia, hakurudi nyumbani.

Mama alimlilia kaka yake mpaka sauti ikakauka. Msibani ilisemwa kwamba matairi mapya hayakuwa na herufi C ya mizigo, watu wakamnyooshea fundi kidole, na wateja wakaanza kumhama. Alipokuja kutoa pole, hakuna aliyempisha kwenye benchi. Chiriku alimtazama akiwa amesimama peke yake, akashindwa kuvumilia.

“Mama, fundi hana kosa,” alisema. “Kulikuwa na herufi nyingine. Niliiona, nikaiacha kwa haraka zangu za kwenda kucheza.”

Chiriku alitamani hata apigwe. Baba alimvuta kifuani, wakalia pamoja. Fundi alikiri kwamba naye alipaswa kuuliza gari linabeba nini.

Baba aliwaeleza waombolezaji ukweli wote, na wateja wakarudi kwa fundi. Pikapu lilipotengenezwa, Chiriku alisugua ubavu wa tairi la mbele kwa sabuni, akasoma alama zote. Fundi alizirudia moja moja kabla ya kufunga matairi mapya.

Jioni mama alimkalisha karibu naye.

“Mwanangu, ukweli wako haumrudishi kaka yangu,” alisema, “na mimi nitaumia siku nyingi. Ila ukitumwa kazi, imalize yote. Na ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajabebeshwa mzigo wako.”