Mchezaji Aliyeitwa Mwenyewe

Timu ya Ikinga ilikuwa na mchezaji mmoja wa ziada.

Marita aliligundua hilo asubuhi, kabla wateja wa fotokopi hawajaanza kuingia dukani kwake, pale Tunduma kwenye barabara ya mpakani. Mkononi alikuwa na kikombe cha chai, na macho yake yalikuwa kwenye lile jambo lililomfanya mumewe Ferdinand, dereva wa malori ya Kongo, amcheke kila akirudi safari: mkewe alikuwa meneja wa timu za besiboli. Mchezo huo wa Wamarekani, wa kurusha kijimpira na kukipiga kwa gongo, Marita hakuwahi kuuona uwanjani. Aliukuta ndani ya kompyuta ya mtumba aliyoinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na mwaka huo wa 2008 ulimnogea kuliko tamthilia zote za televisheni.

Raha yake haikuwa mechi. Raha yake ilikuwa vijana wa chini. Klabu ilikuwa na timu kubwa moja, na chini yake timu ndogo tatu, moja chini ya nyingine kama ngazi. Kijana anaanzia chini kabisa. Akifanya vizuri meneja anampandisha, akiboronga anamshusha. Marita alikuwa ameyafuta majina ya Kimarekani akazipa timu zake majina ya kwao. Ya chini kabisa ni Ikinga, alikozaliwa marehemu baba yake. Inayofuata ni Iyula, anakoishi mama yake na mibuni yake. Juu ya hiyo ni Mbozi, kwa mdogo wake Efraimu, jirani na misheni. Timu kubwa ni Tunduma.

Sasa pale Ikinga, chini ya majina ya Kizungu aliyoyazoea, palikuwa na jina moja la Kiswahili: Mwenyewe. Umri, hakuna. Alikozaliwa, hakuna.

"Happy," alimwita mdogo wake wa mwisho, msichana mkubwa aliyekuwa akiishi naye tangu amalize sekondari. "Umeigusa kompyuta yangu?"

"Mimi? Nina shida gani na Wazungu wako, dada?"

Marita akacheka, akamwacha huyo mgeni achezeshwe. Na Mwenyewe alipiga! Alipiga kila mpira kana kwamba ulikuwa umemtukana. Wiki haikuisha, Marita akampandisha Iyula.

Kesho yake mchana mama yake akapiga simu.

"Marita, ni nani huyu uliyemtuma kwangu?"

"Shikamoo mama. Sijatuma mtu."

"Kuna mtu anatembea juu ya bati. Mchana kweupe, jua linawaka, nami natoka nje natazama, hakuna kitu. Halafu harufu, mwanangu. Kama kuku anayebabuliwa manyoya. Jana alisema nami kupitia dirishani. Aliniuliza njia ya kwenda kwako."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia aende kwa mama yake akaulize."

Marita alicheka tena, lakini kicheko hakikufika mbali. Akajiambia mama anazeeka, upweke unamsumbua, mwezi ujao angekwenda kumwona. Jioni hiyo, kwa kuwa Mwenyewe alikuwa amepiga vizuri kupita wote, akampandisha Mbozi.

Safari hii simu ilitoka kwa Efraimu, na Efraimu hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Alinong'ona kama mtu aliyejificha.

"Dada, kuna kitu hapa nyumbani. Kinagonga ukuta kutoka ndani ya ukuta. Ko. Kinanyamaza. Ko. Watoto hawataki kuingia. Mke wangu amekisikia kikiuliza, 'Tunduma ni mbali?'"

Hapo ndipo Marita alipoelewa. Ikinga, Iyula, Mbozi. Yeye ndiye aliyekuwa akimfungulia njia, kituo kimoja baada ya kingine. Akaizima kompyuta, akaapa kwamba huyo hatapanda tena.

Asubuhi alipoiwasha, mchezaji wake bora wa timu kubwa alikuwa amefutwa, na mahali pake pameandikwa Mwenyewe. Alikuwa amepanda bila kupandishwa. Nyuma ya pazia linalotenga duka na chumba, harufu ya manyoya yaliyoungua ilikuwa imeshatangulia.

"Dada," ilisema sauti kutoka huko. Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito, iliyotulia, na ilipomaliza kusema ikacheka kwa mdomo wa Happy.

Marita alifunga duka. Alimkuta mdogo wake ameketi kitandani, mgongo umenyooka kama ubao, macho wazi yasiyopepesa, na kwa siku zilizofuata hakula wala hakunawa, aliuliza tu, "Kiti changu kiko wapi?"

Marita alivuka kwenda Nakonde kwa mfanyabiashara aliyemuuzia kompyuta. Yule bwana alipoiona imefungwa kwenye khanga alirudi nyuma hadi akagonga rafu.

"Awe, mukwai," alisema, akitikisa kichwa. "Hapana, mama. Hiyo siipokei tena. Waliokuwa nayo walihama nyumba usiku, wakaacha hata sufuria jikoni."

"Na ukaniuzia mimi!"

Bwana yule akaanza kufunga duka. Marita aliibeba kompyuta yake, akarudi nayo Tanzania akiwa na hasira, na hasira ile ilimsaidia, maana ilichukua nafasi kubwa ambamo hofu ingekaa.

Akamwita Bi Anyitike, mganga aliyetajwa mji mzima kwa kutuliza majini. Mama huyo alifukiza ubani, akamshika Happy mkono, akauliza kwa upole, "Bwana, unataka nini?"

"Kiti," ilijibu ile sauti. "Nimeshapanda hadi juu. Kitambaa chekundu, mbuzi, na kiti changu kiwe kichwa cha huyu. Nikikaa, duka litajaa. Nikishushwa..." Ikacheka. "Meneja anajua nitashukia kwa nani."

Bi Anyitike akamvuta Marita kando. "Mpe, mwanangu," alinong'ona. "Majini wengi nimewatuliza hivyo. Mdogo wako atakuwa naye, lakini ataishi. Watu wanaishi nao."

"Na Happy atakuwa wapi, huyo mwingine akiwa amekaa kichwani mwake?"

Mganga akageuka kumtazama Happy.

"Basi simpi. Si kitambaa, si mbuzi, si hata kigoda. Hii timu ni yangu, mama. Mimi ndiye ninayepanga nani akae wapi."

Aliujua mchezo wake. Mchezaji wa timu kubwa huwezi kumwacha moja kwa moja. Sharti umshushe daraja kwa daraja, na akifika chini kabisa ndipo unaweza kumfuta kwenye klabu. Maana yake Mwenyewe angerudi njia ile ile: kwa Efraimu, kisha kwa mama, hadi Ikinga, ambako hawakuwa na mtu tena. Akawapigia wote wawili, akawaeleza bila kuficha.

Efraimu alimsikiliza hadi mwisho. "Watoto nimewapeleka kwa jirani," alisema. "Mshushe. Niko mlangoni."

Mama yake hakusubiri amalize. "Mlete. Tena mlete haraka, nina kazi ya kuanika kahawa."

Marita akaiweka kompyuta mezani mbele ya kitanda. Bi Anyitike akamkumbatia Happy kwa nguvu kutoka nyuma. Ilikuwa saa za mchana, malori yakiunguruma nje, na Marita alipobonyeza kumshusha hadi Mbozi, umeme ukakatika mtaa mzima, redio za majirani zikazima kwa pamoja, feni ikazunguka kidogo ikasimama, lakini kompyuta ikaendelea kuwaka kwa mwanga wake wa buluu, na Happy akapiga kelele ambayo haikutoka kooni bali kama ilitoka chini ya sakafu, na bati likaanza kupigwa ko, ko, ko, kana kwamba uwanja mzima wa wapigaji ulikuwa umepanda juu ya nyumba. Kisha ikawa kimya, na simu ikalia.

"Yuko hapa," alisema Efraimu, akihema. "Anavunja vyombo. Anasema nimfungulie chumba cha watoto. Nimemwambia apite, hapa hana chake. Endelea, dada! Endelea!"

Akabonyeza. Iyula. Mama yake alipopokea simu, nyuma yake ilisikika sauti ya madirisha yakipigana na kuta, ng'ombe akilia, na mtu, kama alikuwa mtu, akimnong'oneza mama huyo jina la marehemu mumewe, polepole, kwa sauti ya mumewe hasa, akimwomba amwonee huruma amruhusu alale.

"Mama?" Marita alilia. "Mama, umenyamaza kwa nini?"

Kimya kikavutika hadi Marita akadhani amempoteza. Kisha mama akasema, na sauti yake ilitetemeka ingawa haikulegea: "Mume wangu nilimzika kwa mikono yangu. Huyu simjui. Mshushe."

Ikinga. Kompyuta ikajiandikia yenyewe, herufi kubwa zikajaa skrini nzima: NIPANDISHE. NIPANDISHE. NIPANDISHE. Meza ikawa ya moto. Happy, kwa sauti yake mwenyewe, ile nyembamba ya utotoni, akasihi, "Dada, unaniua, muache tu akae, unaniua," na mkono wa Marita ukasita juu ya kipanya.

"Si yeye anayesema," alinong'ona Bi Anyitike. Jasho lilimtiririka. "Nimemshika. Namsikia huku ndani, anakusihi wewe usiache. Futa!"

Marita akabonyeza kufuta. Mchezo ukamuuliza kama ana hakika.

"Nina hakika!" alipiga kelele, akabonyeza, na jina la Mwenyewe likatoweka.

Happy alilala siku nzima na usiku wake. Alipoamka aliomba ugali na maharage, akala mpaka Bi Anyitike akacheka. Mganga hakukubali malipo. Alisema yeye alishika tu.

Ferdinand aliporudi alishauri kompyuta ichomwe moto, lakini Marita alikataa. Alisema hawezi kuteketeza mali yake kwa sababu ya mvamizi. Msimu uliofuata vijana wake wa Iyula walichukua ubingwa.

Miezi kadhaa ilipita. Alasiri moja mwanamume mrefu alisimama mlangoni pa duka akiwa amevaa suti nyeupe, na vumbi la malori lilimpita bila kumgusa.

"Samahani, meneja," alisema kwa adabu. "Natafuta nafasi. Hata ya chini kabisa."

Happy alikuwa ndani, akiimba huku akipiga pasi. Marita aliinuka, akavuta kiti hadi katikati ya mlango, akakaa, akamtazama usoni.

"Haipo," alisema.

"Naweza kusubiri."

"Subiri. Nami nimekaa."