Nywele za Mke wa Mshairi

Wewe ungefanya nini kama mwanao, asiyekubali kukuamkia kwa Kiswahili hata kwa pipi, angeanza kuimba Kiayalandi?

Brigitha alicheka kwanza. Kazi yake ilikuwa kupanga masanduku ya marehemu mzee mmoja katika hifadhi ya nyaraka ya chuo, Minneapolis. Mzee huyo alimaliza nusu ya umri wake akiandika maisha ya mshairi wa Ayalandi, na wimbo ule Brigitha aliusikia kwenye kanda zake. Lakini Susan, mtoto wa miaka sita, aliusikia wapi?

Kisha ikaja harufu: moshi wa udongo wa kinamasi, ule unaochomwa Ayalandi, na sufu iliyolowa, ndani ya nyumba yao ya Brooklyn Center, madirisha yamezibwa kwa ajili ya baridi.

Jumapili baada ya ibada akamwita Maombi, msusi wao, Mkongo asiyeogopa theluji wala shetani. Maombi alimgusa mtoto utosini, akaurudisha mkono haraka.

"Mama Susan, zile rasta nyekundu za kwenye bahasha, pale mezani, ulinunua wapi?"

"Zipi?"

"Nilizichanganya na nyeusi nilipomsuka Susan juzi, nikaona zitapendeza. Mais... lakini hizi ni za mtu, dada. Zina joto."

Brigitha akaelewa ni zipi. Zilikuwa nywele za mke wa mshairi, zilizokatwa siku mke huyo alipozikwa, na yule mzee alizitunza masandukuni pamoja na barua za mshairi.

"Niliisahau tu hiyo bahasha kwenye mkoba nikitoka kazini," alinong'ona.

Maombi akaanza kufumua huku akiomba, lakini aliposhika msuko wa pili ule wa kwanza ukajisuka upya, polepole, kama unaosukwa na vidole vyenye subira, na moshi ukazidi, na maji yakasikika yakidondoka pasipo na bomba, na misuko ikakaza mpaka nyusi za mtoto zikapanda na kichwa kikavutwa nyuma, midomo ikiimba bado.

Wimbo ukakatika.

"Nani amenitoa kwa mume wangu?" Susan aliuliza, kwa Kiswahili cha mtu mzima.

"Yule mzee!" Brigitha alisema. "Yeye ndiye—"

Misuko ikakaza. Damu ikachungulia kwenye paji la uso.

"Sema kweli, dada," Maombi alinong'ona. "Anakumalizia mtoto."

"Nilisahau tu..."

Ikakaza tena. Shingo ikalia.

Brigitha, aliyemcheka marehemu kwa kutunza vinywele vya wafu, akapiga magoti.

"Sikusahau. Mlinzi hukagua mikoba yote mlangoni. Nilizitia ndani ya buti langu la mguuni, nikampita nikitabasamu, kwa sababu nilizitaka ziwe zangu."