Tangazo Nyuma ya Mlango

Seremala alikunywa chai amesimama. Sebuleni kwake hapakuwa na mahali pa kukaa. Binti yake na wajukuu wawili walikuwa wamelala sakafuni, kichwa huku, miguu kule. Binti alikuwa amemkimbia mume aliyempiga. Huu ulikuwa mwezi wa nne.

Baadaye, jikoni, mke wa seremala na binti yake waligombania jiko moja.

"Mama, nimekuwa mgeni hapa. Nisipopata mlango wangu, heri nirudi kwa yule mtu."

"Usiseme hivyo, mwanangu!"

"Basi niseme nini?"

Seremala alisikia yote. Akachukua nyundo, akaanza kutoboa ukuta ili atie mlango wa pili na kuigawa nyumba. Jirani wa ng'ambo ya barabara, mama mchora ramani za nyumba, akaja mbio.

"Shemeji, weka nyundo chini!"

"Kwani nyumba si yangu?"

"Ni yako. Lakini mtaa huu umepangwa kwa familia moja kila nyumba. Ukitaka familia mbili, omba kibali halmashauri kwanza. Wataangalia kama shimo la choo litatosha, na kama watu wataweza kutoka moto ukizuka. Bila kibali, watakuja kubomoa."

Yule mama akawachorea ramani. Wakapeleka ombi. Karani akawapa tangazo lenye maneno haya: "Mwenye nyumba hii anaomba kuigawa kwa familia mbili." Akasema likae nje siku thelathini, lisomeke kutoka barabarani, ili majirani watoe maoni.

Hapo ndipo mzee alipoharibu. Alikuwa amewaambia watu kwamba binti amekuja likizo. Likizo gani hiyo ya miezi minne! Aliogopa kuulizwa familia ya pili ni ya nani. Basi akalibandika tangazo nyuma ya mlango, upande wa ndani. Akajiambia kwamba mlango ni mlango tu.

Siku ya thelathini mkaguzi wa halmashauri alifika. "Tangazo liko wapi, mzee?"

Mzee akamwonyesha.

"Hapa majirani wangelisomaje?" Mkaguzi akaandika tarehe mpya juu ya karatasi ile. "Siku zilizopita hazihesabiwi. Mnaanza upya."

Binti hakulia. Alivuta begi, akaanza kukunja nguo za watoto. Mama yake akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashika tama. Mtoto mdogo akauliza kama wanarudi kwa baba. Miaka thelathini seremala alikuwa ametengeneza milango ya watu, na mwanawe alikosa mmoja. Alijiona hana maana kabisa.

Akatoka nje. Mchora ramani alikuwa amesimama barabarani.

"Ulikuwa unamficha nani, shemeji? Sisi tunaishi hapa mbele. Macho tunayo."

"Naona aibu."

"Aibu aone aliyempiga mwenzake. Wewe umefanya nini?"

Seremala akarudi ndani, akalibandua tangazo, akalipigilia misumari kwenye ukuta wa nje. Kelele za nyundo zikawatoa watu.

"Mzee," akauliza muuza maziwa, "hiyo familia ya pili ni ya nani?"

Seremala akashusha nyundo. "Ni ya binti yangu," akasema kwa sauti. "Mumewe alikuwa anampiga. Amerudi nyumbani, na harudi kule."

Ndani, binti aliacha kukunja nguo. Akakaa juu ya begi, ndipo akalia.

Siku thelathini zilikuwa ndefu. Kila siku nyumba ilikuwa na ugomvi. Mkaguzi akarudi, akaagiza shimo la choo lipanuliwe. Wakalipanua. Hakuna jirani aliyepinga, na mwishowe kibali kikatoka. Seremala akatoboa ukuta, akatia mlango, akampa binti ufunguo.

Kesho yake asubuhi alichukua kikombe chake cha chai, akaenda kusimama mbele ya mlango ule alioutengeneza mwenyewe.

"Hodi," akaita.

Ulikuwa umepita muda mrefu bila mtu kumpigia binti yule hodi.

"Karibu, baba," akaitikia. "Ingia ukae. Nafasi ipo."